Tiketi zetu ziko katikati ya watani wetu, nami nakwenda na mtoto

Shikamoo mjomba,

Wiki mbili zijazo timu yangu inacheza dabi ugenini. Shemeji yangu, ambaye ni shabiki wa kufa na kupona wa wenyeji, ametukatia tiketi tatu: yake, yangu na ya mwanangu wa miaka kumi. Amefanya hivyo kwa moyo mweupe na sipendi kumvunja moyo. Ila tiketi zote ni za jukwaa la wenyeji nyuma ya goli, kwenye kundi lile linaloimba kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho.

Mtoto ameshaandaa jezi na skafu. Hajui kujizuia, nyumbani bao likiingia anaruka juu ya kochi. Mimi pia si mkimya. Mwaka jana nilijibizana uwanjani na jamaa wa safu ya nyuma kuhusu penalti, akanimwagia soda kichwani, tukashikana mashati hadi tukatenganishwa. Sitaki mwanangu aone mambo hayo.

Je, tuvae jezi zetu au tuzifiche? Timu yetu ikifunga tukae kimya? Mtu akinitukana mbele ya mtoto nifanyeje? Na tutoke kabla ya filimbi ya mwisho au tusubiri? Mama yake anasema tusiende kabisa.

Baba wa Shabiki Mdogo

*

Marahaba, mpwa wangu.

Umeuliza maswali manne, yote ya tabia. Lakini kabla ya tabia kuna tiketi, na hapo ndipo penye kasoro. Unaweza kuwa mtu mpole kuliko wote uwanjani na bado ukapata taabu kwa sababu tu ya kiti ulichokalia.

Nyuma ya goli ndiko wanakokaa wenye timu hasa. Watu husimama dakika zote 90, bendera hupita juu ya vichwa, na mgeni hutambulika kwa jambo dogo: nyimbo hazijui. Hata akijitahidi kupiga makofi, anachelewa. Sasa mchanganye mgeni huyo na mtoto wa miaka kumi ambaye timu yake inaweza kufunga wakati wowote. Hilo si jaribio la adabu, ni mzigo usiopaswa kumtwisha mtoto.

Mpaka kati ya mashabiki una sababu nzito. Mei 29, 1985, katika fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Juventus na Liverpool kwenye uwanja wa Heysel, Brussels, sehemu ya jukwaa iliyoitwa Z ilikusudiwa watu wasio na upande. Tiketi zake nyingi ziliishia mikononi mwa mashabiki wa Juventus, na kati yao na wale wa Liverpool palikuwa na uzio dhaifu tu. Kundi la Liverpool lilipovamia, watu wa sehemu Z walikimbilia ukutani, ukuta ukaanguka, na watu 39 wakafa. Wengi wao hawakuwa wamemkosea mtu yeyote. Walikuwa wamekaa mahali ambapo tiketi ziliwapeleka.

Leo kutenganisha mashabiki ni kanuni. UEFA inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za uwanja zitengwe kwa wageni, katika eneo lao peke yao. Katika Ligi Kuu ya Uingereza wageni hupewa tiketi 3,000, au asilimia 10 ya nafasi pale uwanja unapokuwa mdogo, na kanuni za viwanja vya huko zinaruhusu mgeni aliyeketi upande wa wenyeji atolewe nje hata kama hajamgusa mtu. Kwa hiyo soma masharti ya tiketi yako leo hii. Kama yanasema jukwaa hilo ni la wenyeji peke yao, unaweza kutolewa dakika ya 20 na usirudishiwe chochote, huku mtoto analia.

Una wiki mbili, zinatosha. Mwombe shemeji awasiliane na klabu yake, yeye ndiye mnunuzi, aulize kama tiketi zinaweza kuhamishiwa jukwaa la familia au jukwaa la pembeni mwa uwanja, katikati, mbali na nyuma ya goli. Huko watu hukaa chini, kuna watoto na wazee, na mtu akigundua kwamba wewe ni wa upande wa pili kwa kawaida atakutania tu. Ikishindikana, wewe na mtoto tafuteni tiketi za eneo la wageni kupitia klabu yenu, shemeji akae kwake, mkutane baada ya mechi. Si kumkosea heshima. Mwambie wazi: "Shemeji, mtoto atashindwa kunyamaza, na sitaki ugombane na watu wako kwa ajili yetu." Mwenye mapenzi ya kweli na mpira ataelewa upesi kuliko unavyodhani. Jambo moja usifanye: kubadilishana tiketi na mtu usiyemjua nje ya geti. Utapewa tiketi iliyokwisha kutumika, au ya jukwaa baya zaidi.

Njia zote mbili zikifungwa, na kiti kikawa kilekile cha nyuma ya goli, mimi ningemwacha mtoto nyumbani. Mama yake ana haki katika hilo. Mnaweza kwenda naye mechi ya kawaida isiyo ya dabi.

Sasa tuchukue kwamba mmepata jukwaa la pembeni, bado upande wa wenyeji.

Jezi isivaliwe, na isifichwe ndani ya koti. Kuifichia ndani ni kosa linalofanywa na wengi. Kwanza, kwenye upekuzi utafunguliwa zipu mbele ya foleni nzima. Pili, bao likiingia mkono wa mtoto unakwenda kwenye zipu wenyewe. Vaeni nguo za rangi zisizo za timu yoyote kati ya hizo mbili: kijivu, kahawia, buluu iliyokolea kama haimo kwenye jezi zao. Na usivae rangi za wenyeji ili kujificha. Ukigundulika, utaonekana umekuja kuwachezea shere, na hilo huudhi kuliko jezi ya mpinzani yenyewe. Kagua pia vitu ambavyo watu husahau: picha ya nembo kwenye skrini ya simu, mlio wa simu wenye wimbo wa klabu, kishikizo cha funguo, kofia, bangili ya mtoto, beji kwenye begi la shule.

Mwenye kukufichua zaidi huwa ni mwenyeji wako. Shemeji akikutana na wenzake ataona raha kutangaza, "Huyu shemeji yangu ni wa wale!" Anasema kwa upendo, na wale wanne anaowaambia ni watu wazuri. Lakini safu tatu za nyuma nazo zimesikia. Mwambie mapema, kabla hamjatoka nyumbani, kwamba utani wenu ubaki nyumbani na garini. Akae yeye upande ulio na watu wengi zaidi, mtoto katikati, wewe upande wa njia ya kupita. Hivyo ukitaka kuondoka na mtoto hutalazimika kuruka miguu ya watu kumi.

Fikeni mapema, saa moja na nusu kabla ya mechi. Nusu saa ya mwisho ndiyo mageti hujaa, watu wana haraka, na mashabiki wa pande mbili hukutana barabarani. Mkishaingia, tafuta vitu vitatu kabla ya kukaa: mlango wa kutokea ulio karibu, mlango wa pili usio ule mlioingilia, na msimamizi wa jukwaa aliye karibu, yule mwenye fulana ya kung'aa. Mwonyeshe mtoto. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi uiweke mfukoni mwake, na mpangie mahali pa kukutana pasipohama, kwa mfano geti lenye namba fulani. "Karibu na basi" si mahali; basi huondoka.

Kuhusu bao la timu yenu. Hapa ndipo mnapotakiwa kufanya mazoezi, na ninamaanisha mazoezi ya kweli. Tazameni mechi mbili nyumbani mkiwa mmekaa tuli. Pangeni ishara ya siri: bao likiingia, mtoto akubane mkono mara tatu, nawe umjibu mara tatu. Mtoto anahitaji mahali pa kupeleka furaha yake. Ukimwambia "nyamaza" tu, itatoka kwa mlango mwingine. Mikono iwe juu ya mapaja, macho yabaki uwanjani, msigeuke kuwatazama walio nyuma. Watu wengi hawajulikani kwa kelele, wanajulikana kwa kugeuka na tabasamu. Usitoe simu kupiga picha nyuso za waliofungwa. Hali ikitulia, semeni neno lolote la mpira kwa sauti ya kawaida: beki aliachia nafasi, kipa alichelewa kutoka.

Wenyeji wakifunga, simama pamoja nao. Si kwa kushangilia. Ni kwa sababu aliyebaki amekaa peke yake anaonekana, tena mtoto aliyekaa wakati wote wamesimama anaweza kukanyagwa au kuangukiwa na mtu anayeruka. Mshike mkono, simameni, pigeni makofi mawili matatu kama bao lilikuwa zuri kweli, kaeni. Usijifanye shabiki wao. Uongo huo haudumu dakika kumi.

Mtu akikuuliza, "Wewe timu gani?", usidanganye wala usitangaze. "Nimekuja na shemeji, namleta kijana aone mpira." Mara nyingi swali huishia hapo. Akisisitiza, mwambie kweli kwa sauti ya chini, umtajie na mchezaji wao mmoja unayemkubali. Kumsifu mchezaji wa mtu ni njia fupi sana ya kumfanya akuone kama mpenda mpira mwenzake.

Utani wenyewe una mipaka ambayo kila shabiki mzoefu anaijua, ingawa wachache huieleza. Unatania timu: msimamo wa ligi, penalti iliyopaa, beki aliyepigwa chenga. Hutanii mwili wa mtu, kabila lake, rangi, dini, mama yake, wala msiba uliowahi kuipata klabu. Mchezaji akiumia, unanyamaza, hata kama ndiye aliyekuumiza roho dakika zote. Na utani huelekezwa kwa kundi, ng'ambo ya uwanja, hauelekezwi kwa mtu mmoja aliye kiti cha jirani. Kidole hakinyooshwi usoni. Skafu na jezi ya mtu haziguswi kamwe, hata kwa mchezo. Ukishaigusa nguo yake umeshamgusa yeye. Baada ya filimbi, aliyefungwa mwache. Hata angekuwa shemeji, mwache mpaka mmefika nyumbani na kula.

Sasa lile la soda. Kilichokuponza mwaka jana kilianza kabla hujamwagiwa, pale ulipogeuka kumjibu mtu aliye juu yako. Aliye safu ya nyuma ana faida zote: yuko juu, anakuona, wewe umempa mgongo na uko chini yake. Ukipanda kumfuata unapoteza mizani, na mnaoanguka ni nyote pamoja na safu mbili za mbele. Tena msimamizi akifika hukuta watu wawili wanaoshikana mashati, na humtoa yule aliye mbali na kiti chake. Mara nyingi huyo huwa ni aliyechokozwa.

Kwa hiyo mtu akikutukana mbele ya mtoto, tusi la kwanza halijibiwi na hutazami lilikotoka. Likirudiwa, badilishana kiti na shemeji. Mwenyeji kumwambia mwenyeji mwenzake "kaka, kuna mtoto hapa" kunafanya kazi ambayo maneno yako mia hayawezi. Likiendelea mara ya tatu, au akikurushia kitu, mnainuka na mtoto bila neno na kwenda kwa msimamizi. Mpe maelezo yatakayomsaidia kutenda: sehemu ya jukwaa, namba ya safu, namba ya kiti, dakika, maneno yaliyosemwa, nguo alizovaa. "Kuna mtu ananitukana kule juu" haimpi pa kuanzia. Omba mhamishiwe kwingine. Hilo ni ombi la kawaida, usilionee haya. Usimrekodi mtu huyo kwa simu mbele ya macho yake, utamwongezea hasira.

Matusi ya ubaguzi wa rangi ni jambo jingine, hayo hayavumiliwi hata mara moja. FIFA ina utaratibu wa hatua tatu kwa mwamuzi: kusimamisha mechi, kuwatoa wachezaji kwa muda, na kuvunja mechi kabisa. Tangu Mei 2024 kuna na ishara yake, mikono iliyopishana kwenye vifundo mbele ya kifua. Klabu huadhibiwa kwa makosa ya mashabiki wake, kwa hiyo msimamizi ana sababu ya kukusikiliza hata kama anaishabikia timu hiyohiyo.

Chooni mpeleke mtoto dakika ya 35 hivi, kabla ya mapumziko, na si mara tu baada ya bao. Huko nyuma ya majukwaa, mahali pembamba pasipo na kamera nyingi, ndiko wenye hasira hukutana. Usimpeleke peke yake.

Kuna hatari ambazo hazijali wewe ni wa timu gani. Mwenge wa moto unaowashwa majukwaani unaweza kufikia nyuzi joto 1,600, na maji hayauzimi kwa sababu kemikali zake zina oksijeni yake yenyewe. Ukianguka karibu nawe usiuokote wala usiupige teke. Sogeza mtoto upande usiopelekewa moshi. Na msongamano: watu wanne kwenye mita moja ya mraba bado wanaweza kusogea, lakini wakifika sita au saba mtu hatembei tena kwa hiari yake, umati unakwenda kama maji. Ukianza kuguswa mabega pande zote mbili na huwezi kuinua mkono kujikuna uso, ulipaswa kuwa umekwisha kuondoka. Kama imeshatokea, simama mguu mmoja mbele, mikono ikunje mbele ya kifua ili mapafu yapate nafasi, mtoto umpandishe juu usawa wa kifua chako, usishindane na msukumo. Kila msukumo unapolegea, sogea kimshazari kuelekea pembeni. Simu ikianguka, iache.

Oktoba 1, 2022, kwenye uwanja wa Kanjuruhan huko Malang, Indonesia, Arema ilifungwa na Persebaya. Mashabiki wa Persebaya walikuwa wamezuiwa kabisa kuhudhuria, kwa hiyo hapakuwa na mpinzani wa kupigana naye. Watu 135 walikufa. Polisi walifyatua mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango finyu. Ndiyo sababu nakuhimiza ujue mlango wa pili. Gesi ikipigwa, usikimbilie mlango ambao kila mtu anaukimbilia. Funika pua na mdomo kwa kitambaa, usisugue macho, panda juu na uende upande upepo unakotoka, kwa sababu gesi ile ni nzito na hukaa chini. Macho yaoshwe kwa maji safi.

Kutoka, basi. Wakati mbaya kuliko wote ni filimbi yenyewe. Januari 2, 1971, huko Ibrox, Glasgow, mechi ya Rangers na Celtic ilipokuwa inamalizika, watu 66 walikufa kwenye ngazi za kutokea kwa kuangukiana, si kwa ugomvi. Na usidhani kwamba wenyeji wakishinda hatari imekwisha: Februari 1, 2012, huko Port Said, Misri, Al Masry walishinda 3-1, na bado mashabiki wao waliwavamia wa Al Ahly baada ya mechi. Zaidi ya watu 70 walikufa, wengine wakibanwa kwenye njia ya kutokea iliyokuwa imefungwa.

Kwa hiyo chagueni kabla ya mechi kuanza, maana dakika ya 80 hakuna mwenye akili ya kuchagua. Ama mnatoka dakika ya 80 hadi 85, ama mnabaki vitini dakika 20 baada ya filimbi mpaka ngazi zionekane. Kwa mtoto wa miaka kumi kwenye dabi, mimi nasema mtoke mapema. Mtakosa bao la mwisho, inawezekana, na atanuna. Ila kama mmekaa mbali na uzio wa wageni, matokeo ni mepesi na watu wanatoka wakiongea badala ya kupiga kelele, kusubiri vitini ni salama vilevile na mtoto ataiona mechi yote. Vyovyote vile, mkiwa ngazini mtoto atembee mbele yako upande wa ukuta, mkono wako begani kwake, na msimalize furaha yenu barabarani. Kilomita ya kwanza kutoka uwanjani ni sehemu ya uwanja.

Jezi yake iacheni juu ya kitanda. Aivae mkirudi, arukie kochi anavyotaka.

Mjomba wako